Clifford Beers: Aliificha hofu yake chuoni, kisha akaianika mbele ya dunia

Kila Oktoba 10 simu yako hujaa jumbe za Siku ya Afya ya Akili Duniani. Unaweka laiki, unasambaza, maisha yanasonga. Lakini ushawahi kujiuliza ni nani walioanza kuyasema haya mambo hadharani? Mmoja wao alikuwa kijana aliyemaliza chuo kikuu akiwa na siri moja nzito moyoni.

Clifford Beers alizaliwa Machi 30, 1876, mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka wa 1894, alipokuwa akijiandaa kuingia Chuo Kikuu cha Yale, kakake alianza kushikwa na degedege. Ikasemekana ni kifafa. Tangu hapo Clifford akawa na wazo moja tu kichwani: zamu yangu nayo yaja.

Ungekutana naye chuoni usingeshuku kitu. Alikuwa na marafiki, tena alishughulikia upande wa biashara wa jarida la wanafunzi. Ila darasani mambo yalikuwa mengine. Siku moja, katika somo la Kijerumani, alishikwa na woga wa ajabu, akaamini kwamba sasa anaanguka. Kuanzia siku hiyo akawa anakwepa kujibu maswali mbele ya wenzake. Akavumilia hivyo hivyo hadi akahitimu mwaka wa 1897, na hofu yake akaondoka nayo.

Huenda unamjua mtu wa aina hii. Yule anayewachekesha wote kwenye grupu ya WhatsApp, lakini akirudi hosteli anajifungia chumbani, hata chakula hakimpiti kooni.

Mwaka wa 1900, akiwa karani New York, Clifford alishindwa kabisa na kazi akarudi kwao. Mwezi wa Juni akajaribu kujiua. Aliponea, lakini akili ikazidi kumchezea. Aliamini atashtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua, kwamba wauguzi ni makachero, na kwamba hata ndugu zake ni watu baki waliojifanya jamaa zake. Kwa miaka miwili hivi alizungumza kwa nadra sana.

Na kinachouma zaidi ni hiki: kakake hakuwa na kifafa. Baadaye ilibainika kuwa alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Clifford alikuwa ametafunwa miaka sita na hofu ya kitu ambacho hakikuwepo. Pengine kuongea kusingemzuia kuugua. Lakini angalau asingeubeba mzigo huo peke yake.

Alilazwa katika hospitali tatu kati ya 1900 na 1903. Alipoanza kupata nafuu, mnamo Agosti 1902, alimwandikia kakake mwingine, George, akamwambia aje kumwona na aje na barua hiyo hiyo mkononi. Akiwa nayo, basi ndiye George kweli. George akaja nayo. Siku hiyo ukungu uliokuwa umemfunika kwa muda mrefu ukaanza kupungua.

Si kwamba mambo yalinyooka mara moja. Alipandwa na msisimko uliopita kiasi, wahudumu wakampiga, wakamfunga mikono ndani ya koti maalumu na kumtupa kwenye chumba chenye baridi kali. Hakunyamaza. Akamwandikia gavana wa jimbo kulalamikia jinsi wagonjwa walivyotendewa.

Alipotoka mwaka wa 1903 alipata kazi tena. Angeweza kufunga ukurasa huo, nani angejua? Badala yake akaandika kila kitu kitabuni, *A Mind That Found Itself*, kilichotoka mwaka wa 1908. Hakujificha nyuma ya jina la bandia. Mwanafalsafa William James wa Harvard alisoma muswada wake akamuunga mkono. Mwaka uo huo Clifford akaanzisha chama cha kutetea afya ya akili Connecticut, na mwaka wa 1909 kamati ya nchi nzima. Mwaka wa 1913 ikafunguliwa kliniki New Haven ambapo mtu aliweza kutibiwa kisha akarudi kwake kulala.

Ebu usidhani ugonjwa ulimwacha kabisa. Mwaka wa 1905, msisimko ulipomrudia, alijipeleka hospitalini mwenyewe. Alifariki Julai 9, 1943, akiwa amelazwa katika hospitali ya akili mjini Providence. Kuna watakaosema basi hakupona. Lakini hesabu miaka aliyofanya kazi hapo katikati: ni zaidi ya 30.

Na sisi je? Hofu ya Clifford ya kushtakiwa si ngeni hapa kwetu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Mahakama imesema yake. Ndimi zetu ndizo bado. Mwenzetu akikosa lekcha wiki nzima tunamwita chizi, tunasema anafaa Mathari, tunacheka. Halafu likitokea la kutokea, tunauliza mbona hakusema.

Angemwambia nani?

Basi mtu akikuambia hayuko sawa, usimwambie ajikaze. Mketi, umsikilize, kisha mwandamane hadi kwa mshauri wa chuo. Na kama anayeumia ni wewe, mpigie mtu mmoja unayemwamini, au piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa pesa. Clifford alimwandikia mtu mmoja tu, naye akaja.