Richard Chelimo

Richard Chelimo (21 Aprili 1972 – 15 Agosti 2001) alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu kutoka nchini Kenya. Alijulikana hasa kwa mbio za mita 10,000. Mdogo wake, Ismael Kirui, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1993 na 1995.

Mwaka 1990 Chelimo alishinda mita 10,000 katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa Vijana yaliyofanyika Plovdiv, Bulgaria. Mwaka 1991 aliweka rekodi ya dunia ya vijana ya 27:11.18 mjini Hengelo, Uholanzi, kisha akapata medali ya fedha katika Mashindano ya Dunia ya wakubwa mjini Tokyo, nyuma ya Mkenya mwenzake Moses Tanui.

Katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 alimaliza wa pili nyuma ya Khalid Skah wa Moroko. Mmoroko mwingine, Hammou Boutayeb, aliyekuwa ameachwa mzunguko mzima, alikimbia pamoja nao na kumzuia Chelimo. Skah aliondolewa na Chelimo akatangazwa mshindi, lakini kesho yake rufaa ya Moroko ilikubaliwa na Skah akarudishiwa dhahabu.

Tarehe 5 Julai 1993 Chelimo aliweka rekodi ya dunia ya 27:07.91 mjini Stockholm. Siku tano baadaye ilivunjwa na Mkenya Yobes Ondieki. Dhahabu ya Plovdiv ilibaki kuwa ubingwa wake pekee wa dunia uwanjani.

Alifariki mjini Eldoret kwa uvimbe wa ubongo akiwa na umri wa miaka 29.