ZAYD BIN THABIT (R.A.): AKILI ILIMFUNGULIA MLANGO, AMANA IKAMWEKA NDANI



Kila matokeo ya mtihani yakitoka, mazungumzo mtaani huwa ni yale yale: fulani ana akili, fulani hana. Mwenye alama za juu huonekana maisha ameshayapata. Mwenye alama za chini hujiona basi, ameshaanguka moja kwa moja. Je, ni kweli akili ndiyo inayompa mtu kazi na kumfikisha mbali? Wazee wetu walisema akili ni mali. Lakini wazee hao hao wakasema pia akili nyingi huondoa maarifa. Hebu tumuangalie sahaba mmoja aliyepewa akili za ajabu, tuone zilimfikisha wapi na zilihitaji kushikwa mkono na nini.

Yatima wa Madina

Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa Answari, mtoto wa Banu Najjar katika kabila la Khazraj. Babake aliuawa katika vita vya Bu'ath, wakati Aus na Khazraj wakimalizana wenyewe kwa wenyewe kabla ya Uislamu. Zayd alikuwa na miaka sita tu. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 11. Watu wake wakampeleka mbele ya Mtume, wakamueleza kwamba mtoto huyu ameshahifadhi sura kumi na kitu. Akasoma, na Mtume akapendezwa naye.

Miaka miwili baadaye vikaja vita vya Badr. Zayd akajitokeza na wenziwe, akarudishwa kwa sababu ya udogo. Fikiria kijana wa miaka 13 anayetaka kwa moyo wake wote kutumika, halafu anaambiwa rudi nyumbani. Kwa wakati ule sifa ya mwanamume ilikuwa upanga, na mlango huo kwake ulifungwa. Lakini hakukaa barazani kulaumu. Alikuwa na kitu kingine mkononi: alijua kusoma na kuandika, katika mji ambao wanaojua walikuwa wachache.

Lugha kwa nusu mwezi

Mtume (S.A.W.) alikuwa akiandikiana na Mayahudi, na alitaka mtu wake mwenyewe wa kusoma na kuandika barua hizo. Akamuamrisha Zayd ajifunze maandishi yao. Yapokewa kwamba haukupita nusu mwezi ila alikuwa ameshayamudu. Katika mapokezi mengine alijifunza Kisuryani vile vile, kwa muda mfupi kama huo.

Hapana shaka hiyo ni akili kali. Lakini tusisahau kwamba Zayd alikulia Madina, mji uliokuwa na majirani Mayahudi, na lugha hizo ni za ukoo mmoja na Kiarabu. Tena alikuwa na haja ya kweli mbele yake: barua zilikuwa zikingoja. Akili ikipata haja na bidii, huenda mbio. Ikikosa hivyo viwili, hulala.

Kisha akawa miongoni mwa waandishi wa wahyi. Aya zikishuka huitwa, akaja na ubao, wino na mfupa wa bega la mnyama, akaandika. Yasimuliwa kwamba akimaliza, Mtume humwambia asome alichoandika, na kama pana kilichopungua hukirekebisha. Zayd akazoea mapema kwamba kazi haijaisha mpaka ikaguliwe.

Na yule mtoto aliyerudishwa Badr? Katika safari ya Tabuk, mwaka 630, yapokewa kwamba bendera ya Banu Najjar iliondolewa kwa mtu mzima, Umara bin Hazm, akapewa Zayd. Umara akauliza kama amesemwa kwa baya lolote. Akajibiwa kuwa la, ila Qur'an hutangulizwa, na Zayd ameihifadhi zaidi. Alikuwa na miaka kama 19.

Kazi nzito kuliko mlima

Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka 632. Muda mfupi baadaye vikapiganwa vita vya Yamama, na waliohifadhi Qur'an wakauawa wengi. Umar (R.A.) akaingiwa na hofu, akamshauri Khalifa Abu Bakr (R.A.) Qur'an ikusanywe pamoja. Abu Bakr kwanza alisita, kisha akaridhika. Wakamuita Zayd, kijana wa miaka 21 au 22. Masahaba wakubwa walikuwapo, waliosilimu zamani na wenye mvi. Kwa nini yeye?

Abu Bakr alimtajia sababu, nazo ndizo kiini cha makala haya. Kwanza, yeye ni kijana, ana nguvu. Pili, ana akili. Tatu, hawamshuku kwa lolote. Nne, alikuwa akimuandikia Mtume wahyi. Hesabu vizuri, ndugu yangu: akili ni moja katika nne. Zilizobaki ni nguvu ya kufanya kazi, uaminifu na uzoefu. Mwenye akili angeweza kupatikana mwingine. Mwenye akili ambaye hakuna anayemtilia shaka ndiye adimu.

Na Zayd hakuruka kwa furaha kwamba amepata cheo. Alisema kwamba lau angeambiwa auhamishe mlima, usingekuwa mzito kwake kuliko kazi ile.

Sasa tazama alivyoifanya. Zayd mwenyewe aliihifadhi Qur'an. Angeweza kukaa chumbani, akaiandika yote kutoka kichwani mwake, akamaliza. Hakufanya hivyo. Alifuatilia kila kipande: pongoo za mtende, mawe bapa, ngozi, na vifua vya watu. Yapokewa kwamba kilichoandikwa hakikupokewa ila kwa mashahidi wawili. Aya mbili za mwisho za Suratut-Tawba alikuwa akizijua, lakini aliendelea kuzitafuta mpaka akazipata zimeandikwa kwa Abu Khuzaima, Answari mwenziwe. Mwenye kichwa kikali kuliko wengi alikataa kukitegemea kichwa chake peke yake. Hapo ndipo akili yake ilipokuwa kubwa kweli.

Kurasa zile zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye Hafsa (R.A.), mama wa Waumini. Zama za Uthman (R.A.) watu walipoanza kuzozana juu ya kisomo, kurasa zilitolewa, na Zayd akaitwa tena pamoja na Makureishi watatu wazinakili. Wakahitilafiana juu ya maandishi ya neno tabuti: Zayd akiandika mwisho wake kwa herufi moja, wenziwe kwa nyingine. Uthman akahukumu iandikwe kwa lugha ya Kikureishi. Zayd, bingwa wa kazi yenyewe, alikubali.

Mizani ya mirathi

Jina lake halikuishia hapo. Umar alikuwa akisafiri humuachia Zayd mji wa Madina. Na katika elimu ya mirathi alikuwa hana mfano wake. Mtu akifa akaacha babu na ndugu, Abu Bakr alisema babu huwazuia ndugu. Zayd akaona wanagawana. Yapokewa kwamba alimpigia Umar mfano wa mti: shina limetoa tawi, na tawi limetoa vitawi viwili. Babu ni shina, baba ni tawi, na ndugu ni vitawi, ambavyo viko karibu kwa kila kimoja na mwenziwe. Imam Shafi aliifuata rai hiyo ya Zayd. Kwa hivyo kwetu pwani, ambako wengi ni Mashafi, familia ikigawa mirathi ya namna hiyo kwa mujibu wa madhehebu, hesabu ya Zayd ingali ikitumika.

Alipokufa, na wengi wataja mwaka wa 45 Hijria, yaani 665, Ibn Abbas (R.A.) alisikitika kwamba elimu nyingi imezikwa. Ibn Abbas huyo huyo, jamaa wa Mtume, aliwahi kumshikia kikuku cha mnyama wake kwa kumheshimu mwanachuoni.

Tunapata nini?

Kijana uliyepewa akili, shukuru, lakini jiulize: watu wanaweza kukukabidhi kitu wakalala usingizi? Unakubali kukaguliwa? Ukiona kichwa chako hakikosei, hapo ndipo maarifa yanapoanza kuondoka. Na wewe unayejiona huna akili, katika zile sifa nne tatu ziko mikononi mwako: nguvu zako, uaminifu wako, na kazi unayoanza kuizoea leo. Wazazi nao wasimuulize mtoto alama tu. Wamuulize pia ametimiza ahadi gani.

Usiku huu baada ya tarawehe, ukifungua msahafu, kumbuka kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu aliukusanya kipande kwa kipande, akakataa njia ya mkato. Mwenyezi Mungu amridhie, na atujaalie akili yenye amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.