Mbaraka Mwinshehe: Sauti ya Ujamaa iliyouzwa Nairobi

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KUANZIA Raskazone hadi Ngamiani, nyimbo za Marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka bado zinapendwa, ingawa mwenyewe alifariki dunia Januari 12, 1979. Wengi wanaozicheza leo walikuwa hawajazaliwa.

Marehemu alizaliwa Juni 27, 1944 katika kijiji cha Mzenga, wilayani Kisarawe. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka uleule aliozaliwa yeye. Wapinzani hawakuwa wanyonge. Palepale Morogoro ilikuwapo Cuban Marimba, na hapa Tanga Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa moto wa kuotea mbali. Hata hivyo, gitaa lake la solo lilimpandisha haraka.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, muziki wa dansi ulihesabiwa kuwa chombo cha kujenga Taifa. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake. Polisi na jeshi vilevile. Mbaraka hakuwa mwajiriwa wa bendi hizo, lakini alitunga nyimbo za kuisifu TANU na siasa yake, na mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70.

Heshima hiyo haikujaza mfuko. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyomfikisha katika kila kijiji chenye redio, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini malipo yake yalikuwa madogo na kanda zilibaki katika maktaba ya redio. Aliyetaka santuri zake ziuzwe madukani alilazimika kuvuka mpaka kwenda Nairobi, kwenye kampuni za watu binafsi. Ndivyo msanii wa nchi ya Ujamaa alivyotegemea soko la mabepari, jambo ambalo majukwaani halikutajwa.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Kisha, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Wakazi wa Tanga, waliozoea kwenda Mombasa kupitia Horohoro, wanaukumbuka msiba huo. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983.

Mbaraka hakuiona siku hiyo. Akiwa kikazi nchini Kenya, ambako wimbo wake Shida ulipendwa mno, alipata ajali ya gari eneo la Kisauni, Mombasa, na kufariki akiwa na umri wa miaka 34. Nyumbani, Taifa lilikuwa vitani na Idi Amin.

Soko huria la miaka ya 1990 lilileta kaseti za nyimbo zake vibandani na barabarani, nyingi zikiwa zimenakiliwa bila idhini ya mtu. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake.