Daktari John Snow, Mpimaji wa Maji

Atekaye maji katika mto Sio au mto Malaba huyatazama kwanza. Yakiwa maangavu, hunywa. Lakini macho hayatoshi kuyapima maji. Mtu mmoja aliyelithibitisha jambo hilo kwa hesabu ni Daktari John Snow wa Uingereza.

Snow alizaliwa York tarehe 15 Machi, 1813, mtoto wa kwanza katika tisa. Baba yake alikuwa kibarua. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza uganga. Kipindupindu kilipoingia huko mwaka 1831, kijana huyu alitumwa kuwauguza wachimba makaa ya mawe. Baadaye alisoma London, akawa stadi wa kuwalaza wagonjwa kwa klorofomu, hata Malkia Victoria alimwita alipojifungua mwaka 1853.

Siku hizo waganga wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye kunuka. Snow aliona kwamba ugonjwa huanza tumboni, basi sumu yake humezwa. Aliandika hayo mwaka 1849, lakini wachache walimsadiki.

Mwisho wa Agosti, 1854, ugonjwa uliuvamia mtaa wa Soho, London. Katika siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikunywa maji gani. Wengi walikuwa wameyateka katika pampu ya Broad Street. Aliwachunguza pia waliosalimika. Karibu na pampu palikuwa na kiwanda cha pombe chenye watu zaidi ya 70, wala hakuna aliyekufa, kwa maana walikunywa pombe, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa waliuondoa mkono wa pampu. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha anza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Kwa hiyo wabishi waliendelea kubisha.

Snow hakukata tamaa. Kusini ya London kampuni mbili ziliuza maji kwa mifereji katika njia zile zile. Moja iliteka mto Thames mahali penye uchafu wa mji. Ya pili ilikuwa imehamia juu ya mto mwaka 1852. Wenyeji wengi hawakujua maji yao ni ya kampuni gani. Snow aliyatia chupani, akadondosha nitrati ya fedha. Maji yenye chumvi nyingi yaligeuka meupe mazito, na maji ya kampuni ya kwanza yalikuwa na chumvi kama mara 40 kupita ya pili. Kisha akahesabu vifo. Katika kila nyumba 10,000, kampuni ya kwanza ilipata vifo 315, ya pili 37.

Alifariki tarehe 16 Juni, 1858, mwenye umri wa miaka 45, kabla waganga wengi hawajamkubali. Mwaka 1884 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekitambua kijidudu chenyewe.

Kazi ya namna hiyo imefanyika hata kwetu. Upande wa Busia ya Kenya wataalamu walipima chemchemi zilizojengewa saruji, wakatoa habari zao mwaka 2011. Vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa theluthi mbili chemchemini, lakini nyumbani vilipungua kwa robo tu. Uchafu ulirudi katika madebe, mitungi na mikono yetu. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo, wala hilo si jambo dogo.

Basi, wanafunzi wenzangu, nanyi mliotutangulia ambao leo ni walimu, makarani na waganga huko Busia na Tororo, mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ni mali. Mtoto akiugua, tuulize amekunywa maji ya wapi, tuandike, tulinganishe na jirani. Tusiishie chemchemini; tulifuate debe hadi kikombeni.