Albert Sabin: Kabla ya matone ya polio, alimtafuta kidingapopo ndani ya panya

WAZAZI wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kuwapeleka watoto kliniki wakadondoshewa mdomoni matone ya chanjo ya polio. Ni wachache wanaofahamu kuwa mwanasayansi aliyeyabuni, Dk. Albert Sabin, kabla ya hapo alihangaika na ugonjwa mwingine ambao hadi leo hauna dawa mahsusi ya kuutibu: homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia kidingapopo.

Sabin alizaliwa Agosti 26, 1906 mjini Bialystok, uliokuwa chini ya Dola ya Urusi na ambao sasa upo Poland. Mwaka 1921 familia yake ya Kiyahudi ilihamia Marekani, ikikimbia umaskini na chuki dhidi ya Wayahudi.

Mjomba wake, daktari wa meno, alikubali kumlipia ada kwa sharti kwamba asomee fani hiyo hiyo. Hata hivyo, kijana huyo alivutiwa na habari za wawindaji wa vijidudu, akaiacha fani ya meno na kupoteza ufadhili. Alifanya kazi za kujikimu hadi alipohitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1931.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta Cincinnati, akatwaliwa na kikosi cha tiba cha Jeshi la Marekani. Katika visiwa vya Pasifiki, dengue ilikuwa ikiwaangusha askari kwa maelfu. Iliua wachache, lakini homa yake na maumivu ya viungo viliwalaza watu kwa siku nyingi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa maabara. Virusi vya dengue huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, lakini wanyama wa kawaida wa utafiti hawakuonyesha dalili walipoambukizwa. Bila mnyama wa kufanyia majaribio, kila swali lilipaswa kujibiwa ndani ya mwili wa binadamu.

Mwaka 1944, Sabin na mwenzake, R. Walter Schlesinger, walidunga virusi kutoka kwa askari wagonjwa katika ubongo wa panya wadogo wa maabara. Mwanzoni ni panya wachache tu walioonyesha dalili. Watafiti hao hawakukata tamaa. Walivihamisha virusi kutoka ubongo wa panya mmoja hadi mwingine, mara nyingi, mpaka vikazoea makao hayo mapya na panya wakaanza kupooza.

Upande wa pili wa vita, Wajapani Ren Kimura na Susumu Hotta walikuwa wamekwishavipata virusi hivyo mwaka 1943 kwa kutumia panya, kufuatia mlipuko wa Nagasaki. Maadui walipita njia moja pasipo kujuana.

Sabin aligundua kuwa virusi vilivyozoea panya vilipungua makali kwa binadamu, huku vikiendelea kujenga kinga. Lakini jambo hilo panya hakuweza kulithibitisha. Lilithibitishwa kwa watu waliojitolea, wakiwamo wafungwa, utaratibu ambao maadili ya utafiti ya leo yangeuhoji vikali.

Ni watu hao pia waliofichua siri kubwa zaidi: dengue ina aina zaidi ya moja. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini kinga yake dhidi ya nyingine hutoweka baada ya miezi michache. Sabin alitambua aina mbili. Nyingine mbili zilipatikana Manila katika miaka ya 1950.

Udhaifu wa panya haujaisha. Panya wa kawaida huvishinda virusi vya dengue kwa kinga yake ya asili, na akiugua huathirika ubongo badala ya kupata homa kama binadamu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakizalisha panya walioondolewa sehemu ya kinga hiyo.

Gharama ya kutokuwa na mnyama anayeugua kama binadamu ilionekana mwaka 2017, ilipobainika kuwa chanjo ya kwanza ya dengue, iliyoidhinishwa mwaka 2015, ingeweza kuzidisha ukali wa ugonjwa kwa watu ambao hawajawahi kuambukizwa.

Baada ya vita Sabin alirejea kwenye polio. Chanjo yake ilitolewa kwa mamilioni ya watu katika Umoja wa Kisovieti kuanzia mwaka 1959, naye hakuikatia hataza.

Alifariki dunia mjini Washington Machi 3, 1993, akiwa na umri wa miaka 86. Polio imetoweka karibu duniani kote. Kidingapopo kiliibuka tena Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ishara kwamba kazi aliyoianza kwa panya bado haijafika mwisho.