Kwiatkowski: Waziri aliyeifungulia Poland mlango wa bahari

Mfanyabiashara anayetegemea mnunuzi mmoja na njia moja ya kupitisha mzigo hulala roho juu. Mwaka 1925 nchi nzima ya Poland ilijikuta katika hali hiyo, na aliyekuja kuitafutia njia nyingine ni mkemia aliyegeuka waziri, Eugeniusz Kwiatkowski.

Alizaliwa Kraków Desemba 1888, wakati Poland haimo kwenye ramani, imegawanywa na Urusi, Austria na Ujerumani. Alisomea kemia Lwów na Munich. Nchi ilipopata tena uhuru mwaka 1918, alifanya kazi katika kiwanda cha mbolea cha Chorzów chini ya mwanasayansi Ignacy Mościcki.

Uhuru ulikuja na kasoro. Poland ilipewa ukanda mwembamba wa pwani, lakini bandari kubwa ya Gdańsk ikawekwa chini ya ulinzi wa Ligi ya Mataifa. Mwaka 1920, Poland ikiwa vitani na Urusi ya Kisovieti, makuli wa Gdańsk waligoma kupakua silaha zake. Ndipo Bunge likaamua mwaka 1922 kujenga bandari ya taifa Gdynia, kijiji cha wavuvi. Mhandisi Tadeusz Wenda alichora ramani, ila kazi ilikwenda kwa kusuasua.

Juni 1925 Ujerumani, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa bidhaa za Poland, iliyafungia makaa ya mawe ya jirani yake. Kila upande ukapandisha ushuru wa forodha, na vita hivyo vya ushuru vikadumu hadi 1934.

Mościcki alipokuwa Rais mwaka 1926, Kwiatkowski aliteuliwa Waziri wa Viwanda na Biashara. Mwaka huohuo wachimbaji wa makaa wa Uingereza waligoma kwa miezi, na wanunuzi wa Skandinavia wakakosa mzigo. Poland ilikuwa na makaa yasiyo na soko. Kwiatkowski aliiona nafasi hiyo, lakini alijua mgomo utakwisha, na mteja asiyefikiwa kwa urahisi hurudi kwa muuzaji wake wa zamani. Akasukuma fedha na mikataba ya Gdynia, akasimamia kuanzishwa kwa kampuni ya meli ya serikali, na reli ya kutoka migodini hadi baharini ikakamilika mwaka 1933. Kijiji kikawa mji wa watu zaidi ya 100,000, na bandari yake ikaipita Gdańsk kwa shehena.

Siasa haikumwonea haya. Alitolewa serikalini mwaka 1930, akaenda kuongoza viwanda vya mbolea. Mwaka 1935 aliitwa tena, safari hii akiwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Katika serikali iliyozidi kushikwa na wanajeshi, yeye alihesabiwa miongoni mwa wenye msimamo wa wastani. Aliyeanza akiamini zaidi nguvu ya biashara binafsi sasa aliitumia hazina ya serikali kujenga ukanda wa viwanda katikati ya nchi, ukiwemo mji mpya wa chuma wa Stalowa Wola.

Vita vya 1939 vilikatiza kazi hiyo. Alivuka mpaka kuingia Romania, akazuiliwa huko hadi vita vilipokwisha. Aliporudi mwaka 1945, utawala mpya wa kikomunisti ulimkabidhi kazi ya kufufua pwani iliyobomolewa. Mwaka 1948 ukamwondoa na kumkataza kuishi katika mji alioujenga.

Alirudi Kraków, akaandika vitabu, akafariki Agosti 1974. Serikali zilizomwinua na kumwangusha zimepita. Meli bado zinatia nanga Gdynia.