Zora Arkus-Duntov: Mhandisi aliyelinusuru gari la Corvette

MAFUNDI wa magari ya kasi nchini Marekani wanapochagua kamshafti ya kuongeza nguvu ya injini, jina moja halikosi kutajwa: Zora Arkus-Duntov.

Alizaliwa Desemba 25, 1909 mjini Brussels, Ubelgiji, kwa wazazi wa Kiyahudi kutoka Urusi. Alikulia Urusi, kisha familia ikahamia Berlin, Ujerumani, alikohitimu uhandisi mwaka 1934. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na jeshi la anga la Ufaransa. Nchi hiyo iliposalimu amri mwaka 1940, alitoroka na mkewe Elfi kupitia Hispania na Ureno hadi New York.

Huko yeye na mdogo wake Yura walianzisha kampuni ya Ardun, iliyotengeneza vichwa vya silinda vya kuongeza nguvu ya injini za Ford V8.

Januari 1953 aliliona gari jipya la Corvette kwenye maonyesho ya General Motors jijini New York. Umbo lilimvutia, lakini injini yake ya silinda 6 ilikuwa na nguvu za farasi 150 tu. Aliandika barua kwa Chevrolet, na Mei mwaka huohuo akaajiriwa.

Hali ya gari hilo ilikuwa mbaya. Mwaka 1955 yalitengenezwa 700 pekee, na uhai wake ulikuwa mashakani. Injini mpya ya V8 ilikuwa imeshapatikana, lakini Duntov alitaka kuthibitisha kwamba Corvette lingeweza kupita maili 150 kwa saa.

Hapo ndipo alipoigeukia kamshafti, mhimili wenye nundu unaofungua na kufunga valvu. Badala ya kuziinua valvu juu sana, jambo ambalo huzielemea springi kwenye mwendo mkali, alichonga nundu zinazoziacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ilivuta hewa nyingi kwenye mizunguko ya juu bila kuvunjika.

Faida hiyo ina gharama yake. Kamshafti ya namna hiyo hupunguza nguvu kwenye mizunguko ya chini, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Ndiyo maana huchaguliwa kwa kuzingatia gia, mgandamizo wa silinda na matumizi ya gari, wala si kwa tamaa ya ukubwa.

Januari 1956, kwenye mchanga wa ufukwe wa Daytona, Florida, Duntov aliliendesha Corvette lenye kamshafti hiyo kwa wastani wa maili 150.58 kwa saa, sawa na kilometa 242. Mwaka huohuo wateja waliweza kuiagiza. Kamshafti yake nyingine, iliyofahamika kama 30-30, ilifungwa kwenye Camaro Z/28 ya mwaka 1967.

Hakuwa mtu wa mezani tu. Alishinda daraja lake katika mashindano ya Le Mans mwaka 1954 na 1955, akiendesha Porsche.

Alistaafu mwaka 1975 na kufariki dunia Aprili 21, 1996, akiwa na umri wa miaka 86. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green, Kentucky, jirani na kiwanda kinachoendelea kuliunda gari alilolipigania.